Maji ya Wilf Thackray

Hilda Thackray alikuwa anatoka jikoni mwa baa ya kijiji na sinia la nyama ya ng'ombe ya kuoka, ameuzuia mlango kwa nyonga usimrudie, pale mumewe alipoingia kwa mlango wa mbele. Ilikuwa Jumapili ya Januari, saa kumi na moja jioni, na nje giza lilikuwa limekwisha kuzimeza kuta za malisho. Wilf alifuta viatu kwenye jamvi la mlangoni, akavua kofia, akaikung'uta. Alikuwa ameloa chapachapa, ingawa siku ile mvua haikunyesha. Akaenda kukaa mahali pake, kwenye benchi la karibu na moto, akaweka mikono magotini.

Wilf alikuwa amezikwa Novemba.

"Mlango, Wilf," alisema mzee Clifford, bila kuinua macho kutoka kwenye sahani yake. "Baridi yote unatuletea sisi?"

Wilf akainuka, akafunga mlango, akarudi kukaa.

Noreen Pickles, aliyesimamia kaunta, alimtilia bia nyeusi kwenye bilauri, akaiweka kwenye meza mbele yake. Wilf akashukuru. Hakuinywa, lakini alipenda kutazama povu linavyotulia. Hilda alibaki amesimama na sinia lake mpaka mchuzi ukaanza kuganda pembeni. Halafu akaanza kugawa, meza moja baada ya nyingine, kwa kuwa watu walikuwa na njaa. Alipofika kwenye benchi alisimama.

"Umekawia," alisema.

"Njia ina utelezi," Wilf akajibu.

Wilf alikuwa fundi wa kuta za mawe, zile zisizo na saruji, zinazopanda vilima vyote vya Skelbeck na kushuka upande wa pili. Alijenga maisha yake yote na hakuna ukuta wake ulioanguka. Jumapili aliyokufa alikuwa ameshinda mguu wa kondoo katika bahati nasibu ya nyama, mchezo unaochezwa baani kila Jumapili baada ya chakula, akaondoka nao kwapani, anachekelea. Nyumba yao iko ukishapita kona, pale barabara inapopita chini ya miti mikubwa. Hakufika. Asubuhi mbwa wa Clifford alimkuta mtaroni. Ule mguu wa kondoo ulikuwa kwenye ua wa miiba, ungali umefungwa vizuri katika karatasi yake, na polisi wakamrudishia Hilda. Hilda aliupika, kwa sababu watu walikuja mazikoni na ilibidi wale.

Wiki hiyohiyo gari la Desmond Ormerod lilipelekwa mjini kwa fundi, likarudi na taa mpya na boneti iliyonyooshwa. Desmond alisema amegonga kulungu. Kulungu huyo hakuonekana, na hakuna aliyekwenda kumtafuta.

Hakuna aliyemchukia Desmond. Hilo lazima lisemwe. Skelbeck ilikuwa imepoteza shule, kisha duka, kisha posta, kisha basi, na nusu ya nyumba zake zilikuwa za watu wa mjini wanaokuja kiangazi kupiga picha kondoo. Ilibaki baa, iitwayo Mwanakondoo. Mwenye nayo alipotaka kuiuza igeuzwe nyumba ya wageni, wanakijiji walichanga, wakaongezea mkopo, wakainunua wenyewe, na Desmond, mwenye shamba kubwa kuliko wote, akaiezeka upya kwa gharama yake. Basi akawa mwenyekiti wa kamati. Ndiye aliyeita namba za bahati nasibu, ndiye aliyesoma maswali usiku wa chemsha bongo, ndiye kocha wa timu ya kuvuta kamba. Mtu akiugua, Desmond alimlishia ng'ombe. Mke wa Clifford alipokufa, Desmond alikuja na kitanda cha kukunja, akalala jikoni kwa mzee yule wiki nzima, asimwache peke yake.

Wilf akaanza kuja kila Jumapili, giza linapoingia. Watu walimsogezea kiti, wakamweleza habari za bei ya sufi na nani anauza trekta. Alisikiliza, akacheka pale palipostahili kucheka. Kitu kimoja tu kilisumbua kidogo, nacho ni maji.

Aliyeyaona kwanza ni Noreen, alipokuwa anapanguza sakafu. Koti la Wilf lilidondosha maji bila kukoma, yakakusanyika chini ya benchi, halafu yakatoka. Sakafu ya Mwanakondoo ni ya mawe, imeinamia mlangoni kidogo, maana wazee walioitandaza walitaka ioshwe kwa ndoo moja ya maji na maji yatoke yenyewe. Maji ya Wilf yalikwenda upande wa pili. Yalipanda. Yalipita chini ya meza ya Clifford, yakazunguka mguu wa jiko la kuni, yakanyooka kama kamba hadi pale Desmond aliposimama na ndoo ya tiketi, yakafika kwenye viatu vyake, yakatulia.

"Kijani, sabini na mbili," alisema Desmond. Akainua mguu mmoja, akautua. Akainua mwingine. "Kijani, sabini na mbili. Nani ana kijani?"

Mtu akasema ni yeye, akapewa soseji zake.

Jumapili iliyofuata Desmond alisimama dirishani. Maji yakapinda, yakamfuata dirishani. Noreen akatandika mataulo. Maji yakapita chini ya mataulo. Baada ya hapo watu walizoea. Maji yakifika mezani kwao waliinua miguu, yakapita, wakaishusha, hata mazungumzo hayakukatika. Watoto wa Noreen walitengeneza boti za karatasi, wakaziachia kwenye benchi, wakashindana ya nani itafika kwa Bwana Ormerod kwanza. Februari ilikuwa siku ya kuzaliwa ya Desmond, na kijiji kikamchangia gambuti mpya za kijani. Zilimkaa vizuri. Akazivaa palepale, akasema maneno machache ya shukrani, sauti ikamkatikakatika, na watu wote wakapiga makofi, Wilf naye akiwemo.

Hilda hakupiga makofi. Alikuwa ameshika kijiko cha mchuzi.

Kilichomkera zaidi mwanzoni si maji. Ni kwamba Wilf alikuja baani na nyumbani haji. Kila Jumapili usiku Hilda aliwasha taa ya mlangoni na kuacha komeo wazi, na kila Jumatatu asubuhi alikuta jamvi la mlangoni ni kavu. Mwishowe, jioni moja ya Machi, aliketi naye kwenye benchi akiwa bado na aproni.

"Sasa mimi nimekukosea nini?" alisema. "Hapa unakuja kukaa na Clifford, mtu ananuka mbwa. Nyumbani kwako hutaki."

"Siwezi kupita ile kona, Hilda."

"Unaogopa?"

"Si kuogopa. Nikifika pale naishia. Kama ukuta ulioishiwa mawe."

Hilda alitazama mikono yake iliyokuwa magotini. Makovu ya mawe yalikuwa yote mahali pake.

"Nani alikugonga, Wilf?"

"Niliona taa mbili. Halafu nikaona majani ya mtaroni, na mvua."

"Gari halikusimama?"

"Lilisimama. Mlango ulifunguliwa, mtu akashuka, akaja akasimama karibu yangu. Kwa pale nilipolala niliona viatu tu. Vilikuwa viatu vizuri, vya ngozi, vya kuendea baani Jumapili. Nikasema, 'Ndugu yangu, nina baridi.' Akasimama kitambo. Halafu viatu vikarudi garini."

"Ulikuwa hai."

"Nilikuwa hai mpaka karibu na alfajiri," alisema Wilf, kwa sauti ileile aliyosemea habari za utelezi. "Mvua ndiyo iliyonimaliza."

Maji yalikuwa yanapita kati yao, yanakwenda zake. Ng'ambo ya chumba, Desmond alikuwa anamsaidia Noreen kubeba pipa la bia.

Kesho yake Hilda alishuka mjini kwa Sajini Lumb, polisi wa bonde lote lile. Sajini alimtengenezea chai, akamsikiliza mpaka mwisho, na Jumapili akaja Mwanakondoo bila sare, pamoja na mkewe. Waliagiza nyama ya kondoo na viazi. Giza lilipoingia Wilf naye aliingia, na Sajini akamwamkia. Maji yakatoka chini ya benchi. Yalipofika mezani kwake Sajini aliinua miguu, mkewe naye akainua, yakapita. Aliyafuata kwa macho mpaka mwisho wa safari yao. Halafu akamalizia viazi vyake.

Wakati wa kuondoka alimwita Hilda kando, palipotundikwa makoti.

"Nimeona," alisema. "Sikatai nilichokiona. Lakini maji hayaapishwi, Hilda. Nitayasimamishaje mbele ya hakimu?"

"Muulize Wilf. Yuko pale, amekaa."

"Wilf ameona viatu. Na Wilf, nisamehe, ripoti ya kifo chake niliisaini mimi mwenyewe." Alivaa kofia. "Chakula kilikuwa kizuri sana. Mke wangu ameuliza unatia nini kwenye mchuzi."

Kadiri siku zilivyorefuka, giza lilizidi kuchelewa, na Wilf akachelewa nalo. Kamati ilisogeza bahati nasibu mbele, ikaisogeza tena, ili asiikose. Walipofika Mei, shindano la kuvuta kamba dhidi ya kijiji cha Cragley liliwekwa jioni kabisa, saa tatu usiku, kwa sababu Wilf ndiye aliyekuwa nanga ya timu, yule mtu mzito anayejifunga kamba kiunoni mwishoni kabisa. Skelbeck haikuwa imeshinda miaka mingi.

Watu wa Cragley walipomwona anatokea nyuma ya baa na koti lake linalodondosha maji, kiongozi wao akaweka mikono kiunoni.

"Jamani, huyu si mlimzika?"

"Tulimzika," Clifford akasema. "Kwani kanuni inasemaje?"

Kanuni zikaletwa. Zilizungumzia uzito, na viatu visivyo na misumari, na kutotia kamba fundo. Kuhusu uhai hazikusema kitu. Wakampandisha Wilf kwenye mzani wa kondoo, na mzani ukaonyesha uzito wa koti lililoloa na jozi ya viatu, basi. Watu wa Cragley wakacheka sana, wakasema haya, tumekubali, nanga yenu tumeiona.

Wilf akajifunga kamba, akachimba visigino kwenye majani. Desmond alitembea pembeni ya kamba na gambuti zake za kijani, anapaza sauti: "Shikaaa! Shika! Tulia, Wilf! Sasa, vutaaa!" Maji yalitoka kwa Wilf, yakapita kwenye majani, yakamfuata Desmond kila alikokwenda, akipanda yanapanda, akishuka yanashuka. Cragley walivuta mpaka mishipa ya shingo ikawatoka. Baadaye walisimulia kwamba ilikuwa kama kuvuta ukuta. Walivutwa mara mbili mfululizo, wakalala chini kwenye tope wakihema, na Skelbeck nzima ikapiga kelele mpaka kondoo wa mlimani wakaitikia.

Ndani ya baa walimbeba Wilf juujuu. Hilda alikuwa ameoka pai za nyama tangu mchana, na sasa alizitoa, moja baada ya nyingine, mikono ikimuungua kupitia kitambaa. Mtu alianza wimbo. Desmond alipanda juu ya kiti, uso umemwiva kwa furaha, akanyanyua bilauri.

"Kwa Wilf!" alisema. "Kijiji kina kuta kwa sababu yake. Na leo kina kombe."

"Kwa Wilf!" wakaitikia.

Hilda aliweka chini pai aliyoishika. Hakuwa amepanga kusema. Baadaye alikumbuka kwamba alikuwa anafikiria kama chumvi imetosha.

"Aliyemgonga mume wangu yumo humu ndani," alisema. "Alishuka garini, akamtazama, akamwacha kwenye mvua mpaka alfajiri."

Wimbo ukakoma. Mtu aliyekuwa anatafuna aliacha kutafuna. Watu wote walitazama sakafu, na sakafuni kulikuwa na ule mstari, unang'aa chini ya taa, kutoka kwenye viatu vya Wilf hadi kwenye miguu ya kile kiti. Maji yalikuwa yanaupanda mguu wa kiti, taratibu, kama kawaida yake.

Mzee Clifford ndiye aliyejibu.

"Tunajua, Hilda," alisema kwa upole. "Keti, mama, ule. Umesimama tangu asubuhi."

"Mnajua."

"Tangu lini hatujui?"

Desmond alishuka kwenye kiti. Alisimama katikati ya maji, bilauri mkononi, midomo inamcheza kama mtu anayetafuta jina la mtu. Kwa kweli pale ndipo angesema. Wote walimngoja, na haikosi kama angesema wangemsikiliza. Lakini Noreen alimshika Hilda mkono, akamvuta mpaka mlango wa jikoni.

"Shoga yangu, nisikilize," alinong'ona. "Unataka afungwe? Sawa, afungwe. Hati ya mkopo wa baa ina jina lake. Paa ni lake. Hapa patafungwa kabla ya Krismasi, patakuja watu wa mjini waweke bafu pale penye kaunta."

"Acha pafungwe."

"Na Wilf atakwenda wapi?"

Hilda aliuchomoa mkono wake.

"Kwako hafiki, umeniambia mwenyewe. Hana pengine. Giza likiingia atakuja hapa akute nini? Familia ya watu wa London wanatazama televisheni?" Noreen alikuwa analia. "Hebu niambie, atakaa wapi?"

Hilda alimtazama mumewe pale kwenye benchi. Alikuwa ameketi na lile kombe mapajani, anapitisha kidole gumba kwenye ukingo wake, kama alivyozoea kupima jiwe kabla ya kuliweka. Pembeni yake walikaa vijana wa timu, bega kwa bega, nguo zao zimeloa kwa ajili yake, na hawakujali.

"Wilf," alisema kwa sauti. "Sema wewe."

Wilf akainua macho.

"Watu wanakula, Hilda," alisema.

Ndani ya jiko kulikuwa na pai zilizoanza kuungua. Hilda aliisikia harufu, kila mtu aliisikia. Alikwenda akazitoa.

Juni ilipofika majani ya malisho yaliiva. Skelbeck majani yakiiva mtu halali sana, hukata kukiwa na jua na kulala jua likizama, na katika wiki hizo jua halizami hadi karibu saa nne usiku. Watu walianza kuondoka baani mapema. Kamati ilikutana, ikakubaliana kwamba bahati nasibu irudi saa yake ya zamani mpaka mavuno yaishe. Desmond alipendekeza, na akapendekeza vilevile kwamba liwekwe benchi nje ya mlango, zuri, la mbao ngumu, lenye jina la Wilf, asije akakosa pa kukaa. Wote waliinua mikono. Alilinunua yeye. Alikuja nalo kwenye trela, akalichimbia mwenyewe, akalipima kwa pimamaji lisiegemee upande.

Jumapili ya kwanza ya benchi lile, Hilda aliosha vyombo, akafunga jiko, akamuaga Noreen. Hakuenda nyumbani. Alitoka nje akaketi. Mbingu ilikuwa bado nyeupe upande wa kaskazini, popo wametoka, na harufu ya majani yaliyokatwa imejaa bonde lote. Watu waliompita kwa miguu walimtakia usiku mwema. Gari zikawashwa moja baada ya nyingine, zikaondoka. Noreen akazima taa za ndani, akazungusha funguo.

Wilf alikuja giza liliposhika. Alijaribu mlango, taratibu, mara moja tu, kisha akafuta viatu kwenye jamvi ingawa haingii.

"Wamelala mapema," alisema.

"Wanakata majani."

"Ah. Kweli. Majani yameiva." Akaketi. Hilda alisogea karibu yake mpaka baridi ya koti lake ikapenya kwenye gauni, na hakujitoa. Walizungumza kidogo kuhusu ukuta wa makaburini, upande wa mashariki, ambao Wilf alisema umejengwa na mtu mwenye haraka. Maji yalidondoka kutoka kwenye benchi, yakakusanyika, yakavuka changarawe, yakashika barabara kuelekea shamba la Ormerod, mbali kule, yakapotea gizani.

Halafu taa mbili zikatokea kwenye kilima. Desmond alikuwa ametoka kumpelekea Clifford dawa, anarudi kwake. Alipowaona pale kwenye benchi alipunguza mwendo, akashusha mwanga wa taa usiwaumize macho, na alipopita mbele yao akainua vidole viwili kutoka kwenye usukani, kama watu wa kule wanavyosalimiana.

Wilf akainua mkono, akamrudishia salamu.

Gari likaingia kwenye kona, chini ya miti, likatokea upande wa pili. Walisikia linavyobadilisha gia, halafu hawakulisikia tena.

"Ulijua ni yeye," Hilda akasema.

"Viatu vyake nilikuwa navijua."

"Na bado unampungia mkono."

Wilf aliweka mikono magotini, uso umeelekea barabarani.

"Siku hizi anaendesha taratibu," alisema.